Barua ya Degedege

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimefuta kioo cha mashine, nimejaza wino, nimefungua dirisha. Wateja wa kawaida: cheti cha kuzaliwa, ratiba ya kwaya. Kisha mama mmoja mwenye saa mbili mkono mmoja. Anataka nakala kumi. Nikaisoma karatasi yake kabla ya kuilaza kwenye kioo.

"Barua hii imezunguka nchi saba. Mtoto wa degedege asipigwe sindano, atakufa hapohapo. Afukizwe kinyesi cha tembo. Nakili mara kumi, ugawe. Aliyeipuuza alizika siku ya tatu."

Miaka kumi na tisa nimeuguza kwenye wodi ya watoto, mpaka waliponipunguza kazini. Degedege ni malaria iliyopanda kichwani. Sindano haiui. Wanamleta mtoto amekwisha, anafia mikononi mwetu, lawama inabebwa na sindano. Nikamweleza hivyo. Akanitazama kama anamsikiliza mlevi.

"Sista, wewe toa nakala tu."

Nikatoa. Kumi. Kwa mikono yangu hii.

Jumatano, 8 Machi

Leo watu sita. Karatasi ileile, kila nakala imefifia kuliko mama yake. Wa mwisho mwalimu wa sekondari, tai shingoni. Nikamuuliza kama anaamini. Haamini, anasema, ila huwezi kujua. Huyu ndiye anafundisha baiolojia.

Zamani ujinga ulitembea kwa miguu. Sasa umepata mashine, na mwendeshaji ni mimi.

Alhamisi, 9 Machi

Nimemwambia Bwana Deo, mwenye duka, kwamba siinakili tena. Alikuwa karani wa ushirika mpaka ushirika ulipokufa. Sasa ni mfanyabiashara, anasema "mteja ni mfalme" kila baada ya sentensi mbili.

"Ukimkatalia hapa, Sista, anavuka barabara."

Kweli. Mtaa mzima wa Mirongo sasa ni fotokopi.

Nimebandika tangazo mlangoni: barua hiyo ni uongo, anayeiamini akapimwe akili. Wamelisoma. Wamecheka. Wameingia, wametoa nakala.

Jumamosi, 11 Machi

Nyumbani Mkuyuni. Jirani yangu Mama Kulwa anakaanga mapanki, yale mabaki ya samaki wa kiwandani, moshi wote kwangu. Mapacha wake, Kulwa na Doto, wanagombania kichwa cha sangara. Mlangoni kwake barua imebandikwa kwa ugali. Hajui kusoma hata jina lake, lakini ameibandika.

Nimepita. Nimechoka kufundisha mawe.

Jumatatu, 13 Machi

Nimeamka na wazo baya. Nimelipenda.

Wakati wa chakula cha mchana nimeketi kwenye taipureta. "Barua hii imezunguka nchi kumi na nne. Mtoto akishikwa na degedege, mvue nguo, mpanguse kwa maji ya uvuguvugu, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali apigwe sindano. Nakili mara ishirini. Bibi mmoja wa Sengerema aliipuuza, akapofuka."

Hakuna bibi. Sengerema wanisamehe.

Mama wa saa mbili karudi na barua yake. Nikampa yangu, nikamwambia hii ndiyo mpya, ile nguvu zake zimekwisha. Aliipokea kwa mikono miwili.

Ijumaa, 17 Machi

Inakwenda kama moto wa nyika. Mwalimu kaja kuchukua ishirini. Bwana Deo anapiga mluzi. Kwa Mama Kulwa ile ya zamani imebanduliwa, imewekwa yangu.

Ukweli waliupuuza wiki nzima. Nikautia vitisho kidogo, wakaufuata. Hakuna aliyeelewa. Wanatii tu. Na mimi nimefurahi, siwezi kusema uongo hapa.

Jumanne, 21 Machi

Mzee mmoja kutoka Buhongwa kaleta barua yangu imenakiliwa kwa mkono, karatasi ya daftari. Anataka nakala ishirini. Nikaisoma kwa majivuno mpaka mstari wa pili.

"Mpanguse kwa maji ya moto."

Nikauliza nani kaandika. Alinakili mwenyewe kutoka mlango wa kanisa. Hapo ndipo penye kosa, au kabla yake? Hajui. Uvuguvugu, moto, kwake ni yaleyale.

Nimemsahihishia kwa kalamu. Hiyo moja. Nyingine ziko wapi?

Sikula.

Alhamisi, 23 Machi

Nimerudi kutoka kazini nikakuta uani watu wamesimama. Doto kashikwa na degedege saa nne asubuhi. Mama Kulwa hakungoja. Kamvua nguo, kamwagia maji ya birika la chai, kampakia kwenye baiskeli ya mpangaji mmoja, wakaenda.

"Barua ndiyo ilisema," akaniambia mke wa mpangaji. Akanionyesha. Daftari tena. Yeye ndiye aliyemsomea. Yangu ilikuwa imelowa mvua, wakapewa hii kwenye jumuiya ya sala.

Nimeketi kitandani na viatu.

Jumapili, 26 Machi

Nimekwenda wodini. Wodi yangu ya zamani. Doto yu hai. Tumbo na paja la kushoto vimefungwa bandeji. Daktari kijana, hanifahamu, kasema malaria imewahiwa. Wangekaa naye nyumbani mpaka jioni angewapotea. Kuhusu kuungua, ngozi itarudi, alama itabaki.

Nikamwambia Mama Kulwa: "Barua ile niliitunga mimi. Sikuandika maji ya moto. Lakini niliitunga mimi."

Alikuwa anampepea mtoto kwa kanga.

"Ya bibi aliyepofuka?"

"Ndiyo."

"Nilimwombea yule bibi."

Kisha akauliza, bila hasira, na hilo ndilo baya zaidi: "Kwa nini hukuniambia mimi, Sista? Tunachota maji bomba moja."

Jibu ninalo. Nilimwona hana akili ya kuambiwa. Naliandika hapa kwa sababu pale halikutoka.

Jumatatu, 27 Machi

Nimebandua tangazo langu mlangoni. Mtu akija na barua yoyote ile, namweleza kwanza, kisha nanakili au sinakili. Foleni inavimba. Bwana Deo amenuna.

Jumapili, 2 Aprili

Jumuiya imesali nyumbani kwa Mama Kulwa. Baada ya sala akasema, "Sista ana neno," akanisogezea kigoda. Wanawake kumi na mmoja. Nimewaeleza degedege ni nini. Nchi saba au kumi na nne sikuzitaja, wala laana. Nimechovya kiwiko kwenye beseni, nikawapitishia kila mmoja achovye chake, ajue uvuguvugu ni upi.

Bibi mmoja akauliza kama degedege si yule ndege anayepita usiku juu ya paa na kumshika mtoto. Nikamwambia ni mbu. Akafikiri, akauliza tena. Nikamjibu tena, polepole.

Doto amelala mkekani kwa ubavu wa kulia. Maji ya beseni yalipopoa tukayamwagia mchicha.