Jina Nililolikuta Chumbani

Ruashi, Lubumbashi

Dada yangu Skola,

Nakusalimu kwa mwandiko huu unaoujua. Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji bado anabishana na redio? Mama mkubwa anaona vizuri tangu atibiwe macho? Mimi ni mzima wa mwili. Cherehani yangu inafanya kazi, mvua zinanyesha, na vumbi jekundu la Ruashi limegeuka tope la kuvua watu viatu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu ya ile simu ya mwezi uliopita, ambayo labda umeshaisahau. Ulipokea, nikasema, "Alo, miye Numbi." Ukanijibu kwa upole kwamba nimekosea namba, ukakata. Hukukosa wewe. Nilibaki na simu mkononi, nikatambua kuwa nimempigia dada yangu wa tumbo moja nikajitambulisha kwa jina la marehemu. Sikuthubutu kupiga tena. Mwandiko wangu angalau utaujua, maana ni wewe uliyenishika mkono nikajifunza kuandika, ukinifinya kila nilipokosea.

Sasa nikueleze nilichokuficha miaka kumi na minane. Unajua nilimfuata Leonsi na lori lake hadi huku, na unajua alivyofia barabarani kabla hatujamaliza mwaka. Usichojua ni kwamba sikuwa na karatasi hata moja ya kuishi nchi hii. Nilipanga chumba Ruashi. Mpangaji aliyenitangulia, mwanamke wa Mitwaba aitwaye Numbi, alikuwa amekufa kwa homa na majirani wakamzika harakaharaka. Nyuma ya kabati nikaikuta kadi yake ya mpiga kura, ambayo huku ndiyo kitambulisho. Picha ilikuwa nyeusi kama chungu. Mama mwenye nyumba akaniambia niichukue, kwani ukisimamishwa wanatazama jina tu, na bila kadi Kiswahili changu cha "mtu" na "watoto", pale wao wanaposema "muntu" na "batoto", kingenifikisha mpakani siku yoyote. Nikaichukua. Nilikusudia kuitumia mwezi mmoja.

Walipoandikisha wapiga kura upya, nilitoa kadi ya zamani wakanipa mpya: uso wangu, jina lake. Kanisani nikawa Numbi, sokoni Numbi. Mama mwenye nyumba akafariki, waliomjua Numbi wa kwanza wakahama mmoja mmoja, nikabaki Numbi peke yangu.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, mchana kweupe, mwanamke mzee alisimama mlangoni pangu na kifurushi kichwani, akaita, "Numbi." Nikaitika. Akasema ametoka Mitwaba, na kwamba mtu wa kwao alimwambia binti yake hakufa, yuko Ruashi anashona. Nilisimama nikingoja apige kelele. Alinitazama muda mrefu, akaketi, akaomba maji, nikampa, akayanywa yote.

"Ulikawia sana, mutoto yangu," akasema.

Si kipofu, Dada. Anatunga uzi kwenye sindano upesi kuliko mimi. Kwenye kifurushi alikuwa na blauzi ya kitenge ya binti yake, akaniambia niijaribu. Mimi fundi, niliona kwa macho tu kwamba haiwezi kunienea mabegani. Nikaivaa, ikanikaa vizuri kama niliyeikata mwenyewe. Nikaivua upesi.

Alikaa kwangu wiki sita. Kila asubuhi tukichambua sombe, kisamvu cha huku, alinisimulia utoto wangu: jinsi nilivyowaogopa bata, jinsi nilivyoangukia jembe nikapasuka goti la kushoto. Nikapandisha kitenge kutazama. Kovu lipo. Nimejaribu kukumbuka nililipata wapi, siwezi. Nikifumba macho naona shamba la Mitwaba, ambako sijawahi kukanyaga. Nimewaogopa polisi miaka yote hii, lakini hofu hii ni nyingine kabisa.

Katikati ya hayo, ofisi ya commune, yaani serikali ya mtaa ya huku, ikabandika tangazo. Mgeni aliyeishi hapa zaidi ya miaka kumi bila kosa ajitokeze kwa jina lake la kweli na kurudisha karatasi alizotumia. Hatafungwa wala kufukuzwa. Atapewa kibali cha kuishi, na baadaye ataruhusiwa kuomba uraia. Nililia palepale kwenye tope. Nimewashonea watoto wa mtaa huu sare za shule hadi sasa nawashonea watoto wao. Nifanye nini tena ndipo nihesabiwe kuwa mtu wa hapa? Na sitaki kuzikwa chini ya msalaba wenye jina la mtu mwingine.

Karani alinisikiliza vizuri. Akasema kadi hairudi hivihivi, kwa sababu kwenye vitabu vyao mwenye jina bado yu hai. Lazima ndugu wa damu aje kuandikisha kifo chake. Na ndugu wa damu alikuwa uani kwangu anachambua sombe.

Nilimweleza yote. Hakushtuka hata kidogo.

"Nilijua tangu ku mulango," akasema. "Numbi alikuwa wa mukono ya kushoto. Weye ulinipatia mayi na ya kuume."

Nikamuuliza basi kwa nini alinyamaza.

"Miaka yote naita ile jina, hakuna muntu anaitika. Weye uliitika."

Siku mbili hakula wala hakusema nami. Ya tatu alijifunga kitenge kizuri, tukaenda commune, akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kifo cha mwanawe. Njia nzima alinishika mkono. Nilijiona muuaji, Dada, na sijui kama hisia hiyo itaniisha.

Akataka matanga, kwa sababu binti yake hakuwahi kuliliwa na mtu wa kwao. Tukatandika mikeka uani. Majirani walikuja kumlilia Numbi, wakamkuta Numbi ndiye anayegawa chai. Wengine waligeukia mlangoni wakaenda zao. Mama Bijou wa nyumba ya pili alinigusa shavu kwa kidole kimoja, kuona kama lina joto. "Sasa tunalilia nani?" akauliza. "Njo weye?" Yaani, ndiye mimi? Nikamwambia sijui. Akaketi, akalia hata hivyo.

Tangu siku hiyo hakuna anayeniita kitu. Wakileta nguo wanasema "fundi", wanaziweka kizingitini. Kwenye vitabu vya commune Numbi amekufa, na mdogo wako Anastazia hajafika. Karani amenipa muda hadi mvua zikatike.

Kwa hiyo nakuomba, nenda parokiani ukatoe cheti changu cha ubatizo, umpe dereva anayekuletea barua hii. Atarudi huku kupitia Tunduma. Na uniandikie goti langu la kushoto lilipasukaje. Fomu ina mstari wa alama za mwilini, lakini nauliza kwa ajili yangu. Kama hujui, sema hujui, usinitungie.

Nisalimie mama mkubwa, umwambie bado nasali kwa Kifipa. Msalimie shemeji, na yule katekista aliyenifundisha ungamo, kama angali hai.

Nilitaka kuishia hapo. Ila juzi yule mama amerudi Mitwaba. Nilimsindikiza hadi garini, nikampakia kifurushi, nikaanza kurudi. Nyuma yangu nikamsikia akiita, "Anastazia." Alikuwa hajawahi kulitamka. Aliita mara tatu, na gari likaondoka. Sikugeuka, Dada. Nilidhani anamwita mtu mwingine.

Ukifika mwisho huu wa barua, liite jina langu kwa sauti, hata kama uko peke yako jikoni.

Mdogo wako,
Anastazia