Jumapili Wanataka Kukusafisha Jina

Mama mkwe,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mazoea tu, maana hata ulipokuwa na masikio hukuwa mwepesi wa kuniitikia. Ulikuwa unaguna, halafu unaniuliza kwa nini moto bado haujawaka.

Jumapili hii, baada ya misa, kuna mkutano wa kijiji. Mwanao Yohana ndiye aliyeuomba. Mama Shukuru atasimama mbele ya watu aseme kwamba hukumuua mtoto wake na wala hukuwa mchawi. Kisha padri atakwenda kubariki kaburi lako, na Yohana atasimika msalaba ambao ameuchonga mwenyewe kwa mti wa mninga. Mwenyekiti ameniambia nami nitapewa nafasi ya kusema, kwa kuwa ndimi niliyepika nawe jiko moja miaka yote ile. Watu wanamhurumia Mama Shukuru, lakini wanasubiri neno langu. Wanasema mke wa mtu hawezi kumtetea mama mkwe bure.

Hapo wamepatia. Sikukupenda. Nilikuja Mitundu nikiwa msichana wa Shelui aliyezoea barabara kuu na kelele za malori, nikakukuta wewe na kile kichaka chako nyuma ya zizi. Siku ya kwanza kabisa nilikwenda kuokota kuni humo. Ulinipokonya mzigo, ukaukagua kijiti kwa kijiti, ukachomoa kimoja na kunichapa nacho miguuni mbele ya mawifi. Kilikuwa cha msandali. Wakati ule sisi hatukulijua hata hilo jina, tuliuita mti wa chai. Ukaniambia, "Huu unaukata tawi ukiwa na shida. Shina huligusi. Mzizi ukiugusa, rudi kwenu." Nililia hadi jioni, na wewe ulikula ugali wangu ukisema una mabonge.

Nakumbuka ile miaka ya uhaba, duka la ushirika lilipobaki na mbao tupu na muuzaji anapiga miayo. Chai haikuwepo, sukari haikuwepo, sabuni ilikuwa hadithi. Ulikuwa unabandua gome upande mmoja tu wa mti, kipande cha kiganja, halafu unapaka kidonda chake udongo mbichi kama unamfunga mtoto. Maji yalitoka mekundu, mazuri kuangalia. Ulinimiminia mimi wa mwisho, baada ya mbwa kupata maji yake, lakini ulinimiminia. Asubuhi zile za kipupwe, sote wawili kimya tukipuliza vikombe vya bati, ndizo pekee nilizowahi kuwa na raha karibu yako.

Halafu tukaambiwa ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikafika mpaka kwetu, na kila mwenye lori akawa mnunuzi. Walianza na asali na tumbaku. Siku moja wakashuka wengine, wakatupa mezani kwa mwenyekiti kipande cha mzizi wakauliza nani anaujua mti huu. Nani asiujue? Waliutaka mzizi, si tawi, kwa sababu mafuta yamelala huko chini. Na waliupenda zaidi mti jike, ule unaozaa. Watu wetu ni wachapakazi, mama. Mtu ambaye hajawahi kulima ekari mbili za uwele bila kulalamika alichimba kilima kizima bila kupumzika.

Kijiji kilijaribu kufanya mambo kwa ustaarabu. Unakikumbuka kile kilima cha upande wa kisima? Tulikaa kikao, tukapiga kura, tukakubaliana wote kwa kauli moja kwamba pale hapachimbwi, na atakayechimba atatozwa faini. Tukapiga makofi. Kila mmoja akarudi nyumbani akiwaza kwamba jirani yake atawahi, kwa hiyo afadhali awahi yeye. Kilima kile leo kina mashimo kama uso wa aliyeugua ndui. Waliopiga makofi kwa nguvu ndio walioezeka bati.

Kina mama wa kikundi nao wakasema tutapanda upya. Walikusanya mbegu vizuri, zikaota vizuri, kisha wakafanya lile ambalo mkulima hodari wa huku hawezi kujizuia asilifanye. Wakapalilia. Hakuna mwanamke wa Mitundu atakayekubali apite mtu aone shamba lake lina majani. Walisafisha mpaka ardhi ikang'aa, na miche yote ikanyauka, kwa sababu msandali unanyonya mizizi ya jirani yake, na jirani ndiye waliyemng'oa. Ulisimama kando ya bustani ile ukacheka hadi ukashika kiuno. Hukuwaambia kitu. Nilikuuliza kwa nini hukuwaonya mapema, ukasema, "Wangenisikiliza?" Nilikuona mkatili. Bado nakuona hivyo, maana walikuwa tayari kusikiliza, ila wewe ulipenda zaidi kuwa sahihi.

Na huko kwako kichakani ulikuwa unafanya yako. Ulitupa mbegu chini ya vichaka vya miiba, ukaziacha na magugu yao na umaskini wao, ukawafukuza mbuzi kwa mawe. Uliacha madume na majike yakae pamoja. Hilo tu. Haikuwa kazi ambayo mtu mwingine yeyote angeshindwa, ila ilimtaka mtu asiyejali kuonekana mvivu. Miche ikaota, na Petro jirani yetu, ambaye alikuwa anawakusanyia wanunuzi wa Itigi mizizi, akaanza kuja kukusalimia kila siku na kukusifia afya yako.

Ndipo ulipobuni ule mchezo. Tulikula kuku, ukaniambia nisitupe manyoya. Kesho yake nikayaona yamefungwa kwa kitambaa cheusi juu ya mti wa kwanza, na chini yake vigae vya chungu vimepangwa duara na kupakwa majivu. Nilikufuata nikikuuliza unafanya nini. Ulikuwa unacheka, mama, umebana kitambaa kingine kwa meno. Ukasema, "Mtu mwema haogopwi, na asiyeogopwa anaibiwa." Nikakuambia hayo mambo yana hatari. Ukanijibu kwamba hatari ni kuzaliwa mwanamke Mitundu, hayo mengine ni manyoya ya kuku.

Ilifanya kazi. Watu wakaanza kuzunguka mbali. Petro akaacha kukusalimia. Watoto walipita pale mbio, na wewe ulizidisha, ukawa unasemasema peke yako wakiwa karibu, ukawakodolea yale macho yako ambayo moshi wa jikoni ulikuwa umeyafanya mekundu. Ukirudi ndani unaniigizia walivyokimbia. Tulicheka pamoja. Nasema ukweli, nilianza kukupenda kidogo katika siku zile, na kama wangekuacha mwaka mwingine labda ningefika mahali.

Mtoto wa Mama Shukuru akashikwa na homa wakati wa mvua. Zahanati haikuwa na dawa. Akafa mchana, na kabla hawajamfunga sanda Petro alikuwa ameshasimama uani kwao akiuliza ni nani hapa kijijini anayefunga vitambaa vyeusi kwenye miti. Aliuliza tu. Hakuna aliyehitaji kumjibu.

Walikuja kweupe, watu tunaowajua kwa majina, wengine umewazalisha wake zao. Walichoma nyumba yako. Ulikaa juu ya kinu ukaangalia. Ukawaambia, "Ni manyoya ya kuku, jamani. Ni kuku tuliyemla." Mmoja akacheka. Yohana alikuwa amekumbatia godoro lako alilowahi kulitoa, amesimama nalo hivyo hivyo huku wakichoma. Ulimtazama mwanao muda mrefu sana. Mimi ningemlaani. Wewe ulimwambia aliweke chini, litamchosha.

Na gari lilikuwa moja tu siku ile. Lori la wanunuzi, limejaa magunia ya mizizi. Hakuna mwingine aliyekubali kukubeba. Ukapandishwa juu ya magunia na kitambaa chako kichwani, na nilipokupa chupa ya maji ukapapasa gunia ulilokalia, ukasema, "Angalau nasafiri na ninaowajua." Wiki haijaisha, Petro alikuwa ndani ya kichaka na sururu. Wale wale waliokuja na moto walimfuata na magunia, wakavipita vitambaa vyako bila hata kuvitazama. Ndipo nilipoelewa ni nini hasa walichokuwa wanakushtaki nacho.

Nilikuja kukuona Itigi, kwa binti wa dada yako, karibu na reli. Ulikuwa umekuwa mdogo. Nilijua utauliza habari za miti, nikawa nimeshajiandaa kukudanganya. Hukuuliza. Ulinishika mkono, wewe ambaye hukuwahi kunishika ila kunisukuma, ukasema, "Mimi si mchawi, mwanangu. Waambie." Mwanangu, uliniita. Miaka yote nilikuwa "wewe" na "mke wa Yohana", na nilipozaa nikawa "mama Ana" kwa shingo upande. Nikakuitikia kwamba nitawaambia. Kabla ya kwaresima ukalala, hukuamka tena.

Tukakurudisha. Makaburini walikukataa, hivyo Yohana akachimba kaburi pembeni ya kichaka. Jeneza lilipofika Petro alikuwa bado anachimba mizizi humo ndani. Alipoona ni wewe alikurupuka akapita katikati ya miiba, akaacha sururu, akaacha gunia, akaacha na kiatu. Mkono wake ukavimba kwa mwiba uliomchoma hadi wakamkata kidole. Hiyo ikatosha. Tangu siku hiyo hakuna aliyeingia. Ulipokuwa hai walikuogopa kwa kiasi, maana mtu hai anafukuzika. Sasa hawana pa kukufukuzia.

Nenda ukaone, kama huko mnaona. Majike manne yamepona, na miche chini ya miiba imenifika kiunoni. Ndio msandali pekee uliobaki kutoka hapa mpaka reli, kila mtu anajua, na wanunuzi wanajua zaidi. Wamerudi. Wamepanga chumba pale njia panda na wanasubiri.

Mama Shukuru alikuja kwangu wiki iliyopita. Alikaa akalia, akasema, "Mama Ana, nilijua siye. Nilitaka awepo mtu wa kumchukia, basi." Anataka kuitua roho yake. Simlaumu. Yohana naye anataka msalaba ule usimame ili na yeye siku moja alale usingizi. Nilimwambia ukishabarikiwa kaburi na ukatangazwa kuwa bibi wa kawaida aliyependa miti, Petro atakuwa kichakani Jumatatu asubuhi. Akasema tutawaelimisha watu, tutaweka sheria, tutalinda wote pamoja. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye kilima cha kisima. Tulisimama kwenye mashimo. Aligeuka, akarudi kuupiga msasa msalaba wake.

Nimewaza siku nyingi, na nimekasirika nawe kwa sababu umeniachia mimi. Ungemwachia mwanao. Najua watu wa mjini husema mwananchi wa kawaida anaweza kufanya mengi kulinda mimea inayokwisha. Anaweza. Akate tawi aache mzizi, atupe mbegu mwibani, amfukuze mnunuzi. Wewe uliyafanya yote hayo na hayakukulinda wewe wala miti. Kilicholinda ni uongo wa manyoya ya kuku na maiti yako.

Kwa hiyo nisikilize. Jumapili nitamwacha Mama Shukuru aseme yake mpaka mwisho. Kisha nitasimama na kusema kwamba nilipika nawe jiko moja, na nilikuona. Nitasema nilikuona ukitoka usiku bila nguo, nilikuona ukizungumza na mtoto yule kabla hajaugua. Nitasema uliniambia atakayegusa mzizi wa kichaka kile, akiwa padri, akiwa mnunuzi, akiwa mwanao, hatamaliza mavuno. Wataniamini. Padri atakasirika na hatakwenda kubariki kitu. Yohana hataniangalia usoni tena, na wataanza kujiuliza umenirithisha nini, na Ana wangu itabidi akatafute mume mbali, Shelui au hata mbele zaidi.

Uliniomba jambo moja tu katika maisha yako yote. Nakusikitikia, mama, na moyo unaniuma kuliko ulivyoniuma nilipomzika mama yangu mzazi. Lakini miche bado ni mifupi, na sina mlinzi mwingine wa kuiwekea.

Usiku mwema. Kaa hapo hapo uwatishe.

Ni mimi mkweo,
Mama Ana