Kiti cha Pili

Mbeya, 3 Juni 1956

Shemeji Timotheo,

Kamwene. Juzi nimefika Makambako, gari lako likaja, akashuka Saulo. Ananiambia una homa. Homa gani hiyo ya kumzuia Mhehe asije kunitania? Nimekunywa chai peke yangu kibandani kwa Mwamvita, na ule upepo wa pale unaujua. Tumebadilishana magari kama kawaida, yeye akarudi Iringa na langu, mimi nikarudi Mbeya na lako, lakini Saulo hana maneno. Tangu dada yako Lea afariki, wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumtaja marehemu mbele yake bila kuambiwa nitafute mke mwingine. Basi pona upesi.

Mkate wa mahindi wa mama yako umefika. Mwambie mkwe wangu nimeumaliza, na kitambaa chake cha bluu nakirudisha na mchele wa Chimala ndani.

Sasa sikia. Tajiri analeta lori jipya lenye tela, linabeba mzigo wa malori mawili. Mshahara, anasema, ni ule ule. Wiki iliyopita nilipeleka mapipa ya mafuta uwanja wa ndege, nikawakuta marubani wawili wa Kizungu wanabishana chini ya bawa mpaka shingo zimewaiva. Jailos, karani wa pale, akanitafsiria. Mmoja anadai anayerusha ndege kubwa alipwe zaidi, kwa kuwa ikianguka roho ni nyingi na lawama ni yake. Mwenzake anasema anga ni lile lile, mtu alipwe kwa miaka aliyotumika. Jailos anasema ubishi huo umefika hadi Nairobi, na upande wa ndege kubwa una nguvu.

Kama wao wanadai, sisi tuna kasoro gani? Madereva wa huku tumeapa: hakuna atakayegusa ufunguo wa lori hilo mpaka mshahara uongezwe. Waambie wenzako wa huko.

Shemeji yako,
Bushiri


Iringa, 17 Juni 1956

Shemeji Bushiri,

Homa imekwisha, imeniachia miguu ya kuku. Mama ni mzima. Mchele ameupokea kwa mikono miwili. Anauliza unakula nini na nani anakufulia, lakini kukuuliza mwenyewe hawezi. Mkwe hatazamwi usoni, wajua mila zetu. Mkate ndiyo salamu yake.

Wenzangu nimewaambia. Saulo na wengine wamekubali siku ile ile, na mimi nimekubali nao, siwezi kusaliti watu. Ila moyo wangu una neno. Lori hilo si litakwenda moja kwa moja, Mbeya mpaka Iringa? Sasa nani atashuka Makambako abadilishane na nani? Shemeji, wewe unadai mshahara wa watu wawili. Angalia usije ukapewa na kazi ya watu wawili. Mimi naona tudai kwanza gari hilo liwe na madereva wawili, ndipo tuzungumze shilingi.

Na umuulize Jailos jambo moja tu. Ndege hiyo kubwa inarushwa na watu wangapi?

Shemeji yako,
Timotheo


Mbeya, 22 Julai 1956

Shemeji,

Hujambo? Mama hajambo? Mimi leo sijambo kupita kiasi, maana tumeshinda.

Lori limekaa uani mpaka kuku wamelala ndani yake. Tajiri akaleta dereva kutoka Mbalizi, kijana wa watu akasikia habari yetu, akateremka, akaja kunywa chai na sisi. Tuligombana wenyewe kwa wenyewe pia, usidhani. Mzee Makame, aliyeanza kuendesha kabla sisi hatujatahiriwa, alitaka mshahara uende kwa miaka. Mimi nikasimama nikasema mzigo ukiongezwa, na mbebaji aongezewe. Mwishowe tajiri amekubali: gari likiwa kubwa, mshahara mkubwa. Na madereva wa magari madogo nao wamepata nyongeza kidogo. Lori lenyewe nimepewa mimi.

Lile neno lako la madereva wawili nililitaja kwenye mkutano. Wakasema tusichanganye madai, tajiri atachagua lililo rahisi kwake. Nikaliacha, tutalidai baadaye. Jailos sijamuuliza, kazi zimenibana.

Nitafika mpaka kwenu sasa, shemeji. Niandalie pa kulala.

Shemeji yako,
Bushiri


Mbeya, 9 Septemba 1956

Shemeji Timotheo,

U hali gani? Nauliza kweli, kwa sababu barua yangu hukuijibu, na sasa najua kwa nini.

Safari ya kwanza nilipita Makambako bila kusimama, ndivyo tajiri alivyoagiza. Mwamvita alikuwa nje, ameshika vikombe viwili. Nikapiga honi, nikapita. Kufika Iringa nikakutafuta uani, Saulo akanivuta pembeni. Malori madogo kadhaa yameuzwa, na wewe umeachishwa kazi wa kwanza. Tajiri aliwaambia nyongeza yetu ilibidi itoke mahali.

Nilimwendea. Nikamwomba akurudishe ukae nami garini, tupokezane usukani. Akasema, "Sawa. Rudisheni nyongeza yenu wote, naye nitamrudisha." Nikaita wenzangu. Aliyeinua mkono ni Mzee Makame peke yake. Wengine wana watoto, nao wanasema hawakukufukuza wao. Nilipotoka nje nikasikia nafuu kidogo kwamba nyongeza imebaki. Nimeona aibu kwa nafuu ile, na mpaka leo naiona.

Juzi nilipeleka tena mapipa uwanjani. Ndege kubwa ikatua, wakashuka marubani wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, wamebeba chupa moja ya chai. Jailos akaniambia ndege ile hairushwi na mtu mmoja. Siku ile ya ubishi nilisikia habari ya mshahara, viti sikuviangalia. Wewe uliviona ukiwa Iringa, umetoka tu kwenye homa yako.

Nilikwenda kwenu. Mama alijifunika khanga akanipa mgongo, nami nikasimama mbali kama inavyotakiwa. Jirani yenu Matilda ndiye aliyeniambia umekwenda Mufindi kwenye mashamba ya chai. Niliporudi garini nikakuta mkate umewekwa kwenye kiti cha pili, umefungwa kitambaa cha bluu. Sikumwona aliyeuweka. Barua hii nitampa Matilda akufikishie.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Shemeji yako,
Bushiri


Mufindi, 4 Novemba 1956

Bushiri,

Mimi mzima. Barua yako nimeipata.

Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza yalitoka matusi, na wewe ulimtunza dada yangu vizuri mpaka siku yake ya mwisho. Hapa naendesha trekta la kukokota majani ya chai. Asubuhi ukungu, jioni ukungu. Nalala chumba kimoja na Mkinga ambaye hasemi lolote, na mimi nimeanza kuwa kama yeye.

Sikuchukii kwa nyongeza. Mtu na jasho lake. Lakini nilikuuliza swali moja, Bushiri. Moja tu, na hukwenda kuuliza. Ulikuwa unashinda.

Usimwache mama bila mchele. Mimi usiniandikie. Ukiandika nitasoma, maana huku sina cha kusoma, lakini jibu usingoje.

Timotheo


Mbeya, 13 Januari 1957

Shemeji,

Natumaini u mzima, na ukungu umepungua. Jibu singoji, nakueleza tu.

Kila nikitoka Iringa naukuta mkate kwenye kiti cha pili. Wa kwanza niliumaliza peke yangu. Tangu nilipopata barua yako naukata katikati. Nusu yako nafunga ndani ya kile kitambaa cha bluu, namwachia Jaha mwenye duka pale njiapanda ya Mufindi, na nilimwambia akutumie habari. Mara ya kwanza niliikuta pale pale, imekauka, nikawapa kuku. Mara ya pili vilevile. Jaha akaniambia niache, nikamwambia hayamhusu.

Safari hii, nikipanda kwenda Iringa, nikakuta mkate haupo. Kitambaa kimefuliwa, kimekunjwa. Nikakikunjua kutafuta barua, hamna. Jaha anasema ulikuja kwa miguu, umelowa, ukala umesimama, ukaomba sabuni, ukaondoka. Nimekaa garini nikalia, na sisemi uongo.

Nilikirudisha kile kitambaa kwenu, nikakiweka kizingitini pamoja na mchele, nikageuka kama inavyotakiwa. Kesho yake Matilda aliniambia mama alipoona kilivyokunjwa alijua mkono wa nani. Alikaa nacho mapajani mpaka jua likazama.

Nikirudi Mbeya nilisimama Makambako. Tajiri akitaka anikate mshahara. Tela ni refu, lilifunga nusu ya barabara, watu wakanipigia kelele nikawaacha. Mwamvita hakuuliza ninatoka wapi wala nilikuwa wapi. Aliuliza vikombe vingapi, nikasema viwili.

Changu nimekunywa. Chako nilikikalia mpaka kikapoa, kisha nikaondoka nikakiacha mezani.

Shemeji yako,
Bushiri