Mustari ya Mama Mukwe

Ndola, tarehe 4 mwezi wa pili, 2024

Mama mukwe wa heshima,

Jambo sana, mukwai. Uko muzima? Mugongo inakusumbua tena, ao yale majani ya kuchemsha yalisaidia? Sisi huku tuko bazima. Marlène wako anaamka mapema, anaenda ku masomo yake ya kuzalisha, anarudia miguu imevimba, lakini anacheka. Taonga anakula vizuri. Kila siku anauliza, "Ziwa iko wapi?" Nilimupeleka kuona tanki ya mayi ya jirani. Aliangalia, akanihurumia.

Unisamehe Kiswahili yangu. Ni ya soko, unaijua, inajua bei ya samaki kuliko inajua adabu. Lakini Kibemba inakuchosha, na Kiluba yako mie inanishinda, basi tukutane hapa katikati. Na sauti yangu mu telefoni haufai kuisikia kabla ya siku ya kuingizwa kwangu mu nyumba yako. Karatasi haina macho. Mu karatasi mama mukwe na mukwe wanaweza kuongea bila haya.

Nilipata kazi. Niko pa geti ya fasi moya ya malori, ninaandika namba za magari yenye kuingia na kutoka. Ndiyo, Mama, bado niko naandika. Lakini lori haikusalimii. Pale bandari ya Nchelenge kila mutu alinipa jina na habari ya nyumba yake, nani amezaa, nani ameachana. Miaka sita niliandika batu wote waliopanda bwato kwenda Kilwa, ngambo ya Congo, na hakuna hata moya aliyepotea bila mie kujua yuko wapi. Ile kazi niliipenda, sitakuficha. Niliiacha juu ya masomo ya Marlène, na sijuti, lakini asubuhi mikono inatafuta ile buku.

Ile kazi nilimwachia Fanwell. Nilimuonyesha ule mustari mweupe niliupaka ku mbavu ya bwato ya Kangwa: mayi ikifika pale, usiongeze mutu wala mufuko, Kangwa alie namna anataka. Tena nikamwambia, akikuya ule mama wa kitenge chekundu mwenye kugeuza uso, usimwulize jina. Acha mustari mutupu mu buku, uendelee chini. Ni mama ya bibi yangu Marlène. Fanwell alicheka sana. "Unaogopa jina ya mwanamke?" Nikamwambia mukwe hataji jina ya mama mukwe wake, hata kwa kalamu.

Marlène anakusalimia. Taonga anasalimia ziwa.

Mukwe wako,
Mubanga, baba ya Taonga


Nchelenge, tarehe 3 mwezi wa tatu

Mukwe wangu, Baba Taonga,

Jambo, na jambo tena. Mukanda uliniandikia ilifika kwa mukono ya mwenye basi, ina harufu ya mafuta ya gari na mandazi, nikajua kweli imesafiri. Uko muzima? Marlène anakupikia, ao anakulisha vitabu vyake? Mugongo yangu iko. Sasa ni rafiki, tunazeeka pamoja.

Bon. Taonga anatafuta ziwa? Umwambie na ziwa iko inamutafuta. Kila nikipita pale alikuwaka anacheza, mayi inapanda mupaka pa miguu yangu.

Ule Fanwell wako si mubaya. Anaandika. Lakini anaandika akiwa amekaa, chini ya mabati, chai iko pembeni. Wewe uliteremukaka mupaka mu mayi, suruali imekunjwa, unahesabu vichwa kama mama ya batu wote. Nilipofika mara ya kwanza nikageuza uso, nikafunika na kitenge, nikapita mbio. Halafu nikakumbuka: eh! Mujinga mie, huyu si mukwe wangu! Akaniita, "Mama, mustari yako iko!" Batu walicheka mupaka wakashika mbavu. Na mie nilifurahi, donc nikuambie kweli. Mu Nchelenge kuko batu mingi wenye jina. Mwenye mustari ni mie peke yangu.

Sasa sikia vizuri. Siku utasahau ukataja jina yangu, utanilipa kuku. Si kifaranga. Kuku jike, munene, muzima, miguu imefungwa, uniletee kwa mukono yako mwenyewe. Bukwe haina mchezo.

Mwezi wa nane tutakuingiza, kwa desturi ya kwenu Babemba. Nilikubali, hata kama kwetu tunafanyaka namna ingine. Nitapika, utakula mbele yangu, utaniangalia, utanisemesha kama mutoto wangu. Miaka saba nimeona mugongo yako tu. Ile mugongo naijua vizuri sana. Uso, ninaulizaka Marlène.

Mimi, mama yako mukwe,
Mama Marlène


Ndola, tarehe 28 mwezi wa ine

Mama mukwe wa heshima,

Jambo, mukwai. Uko muzima? Batu ba jirani bazima? Huku mayi ya mvua ilikosa mwaka huu, mahindi imekauka, lakini nyumbani tuko bazima.

Ninaandika mbio. Kangwa alituma picha ya bwato mu ile groupe ya telefoni ya bandari, bado nimo. Ameipaka rangi mupya, buluu tupu, inang'aa. Batu wote wanamusifu. Mie niliangalia picha mara kumi. Mustari yangu mweupe haiko. Imefunikwa.

Niliuliza Fanwell. Akajibu, "Tunajua kwa macho, mwalimu." Macho gani, Mama, na yeye yuko chini ya mabati? Niliuliza Kangwa. Akanitumia kidole gumba.

Nakuomba kitu, na usikasirike. Mwambie Fanwell aandike jina yako. Yeye hana bukwe na wewe, kwake si kosa. Ule mustari ilikuwa salama maana mutu wake alikuwa mu kichwa yangu. Nikifunga buku, nilikuwa najua: hapa kati ni mama ya Marlène, alienda na dumu ya njano, atarudia kesho. Mu kichwa ya Fanwell hakuna kitu kama ile. Ni karatasi mutupu tu. Nilifanya kosa kumwachia ile desturi. Desturi ya nyumba haipewi mutu wa njia.

Tafazali, Mama. Nina woga, na siwezi kusema woga ya nini.

Mukwe wako,
Baba Taonga


Nchelenge, tarehe 15 mwezi wa saba

Mukwe wangu,

Jambo. Uko muzima? Najua nimekawia kujibu. Nilikuwa Congo kwa ndugu yangu Ilunga, alikuwa mugonjwa, sasa amesimama. Na kweli, mukanda yako ilinikasirisha kidogo, nikasema wacha ilale.

Unataka Fanwell aandike jina yangu? Ile jina mukwe wangu anaiheshimu miaka saba, leo mutu wa chai aiandike kati ya wauza sabuni? Hapana. Lakini sikutupi. Nimekubali nusu. Siku ya kukuingiza, utashuka bandari na batu wote nyuma yako, utaomba ile buku, utaandika wewe mwenyewe, kwa mwandiko yako muzuri. Utalipa kuku na bukwe itaisha. Mupaka pale, niachie mustari yangu.

Juu ya bwato, bon, sitakudanganya. Ile siku ya mwisho nilipanda, mayi ilikuwa karibu, nikatia mukono bila kuinama. Nilimwambia Kangwa. Alisema ni rangi ya buluu inadanganya macho, mayi inaonekana karibu. Nilimwambia, na soksi zangu zilizoloana, zenyewe nani alizidanganya? Akacheka. Anabeba simenti sasa, kuko mutu anajenga duka kule Kilwa. Na upepo ya mwezi huu imeanza, inatoka kusini kila asubuhi, inapiga milango.

Kesho kutwa, tarehe 17, naenda Kilwa. Usinung'unike. Kule kuko mama moya ananiwekea chisense mukavu, musafi, hauna mchanga, na sherehe ya mukwe wangu haitakuwa na samaki ya mchanga. Nitalala siku mbili, nitarudia. Nimenunua sahani mupya. Nimeanza kujizoeza mbele ya kioo namna nitakuangalia. Usicheke.

Nikirudia nitakuandikia.

Mama yako mukwe,
Mama Marlène


Ndola, tarehe 19 mwezi wa saba

Mama yetu, Mama wa uzima!

Jambo, jambo, jambo! Uko muzima, na Mungu asifiwe!

Mukanda yako ilifika leo, na habari ya bwato ilikuwa imefika jana. Ilizama tarehe 17, kati ya ziwa, upepo na simenti. Marlène anajua unavukaka kila mara, akaanguka chini pa mlango wa darasa, walimubeba. Tulipiga telefoni yako, haipiti. Tulikaa hapa tunashikana mikono, Taonga kati yetu.

Halafu Kangwa, yeye hakupanda ile siku, aliandika mu groupe majina yote ya mu buku. Batu makumi mbili na mbili. Batu ba mitumbwi waliokota kumi na nane bazima, wakawashusha vijiji mbalimbali, na leo asubuhi walipata miili ine. Makumi mbili na mbili, imetimia. Nilisoma majina kwa sauti, moya moya. Marlène alifunga macho. Jina yako haimo! Alisoma yeye tena. Haimo! Aliruka, akapiga vigelegele, jirani walikuya, tukaimba. Hata mie nilicheza, mbele ya batu, na hii miguu yangu. Umeona? Ulikasirikia simenti, ukarudia nyumbani. Ao upepo ilikuogopesha. Nakujua.

Tunalilia wale wane. Babili ninawajua, niliandikaka majina yao.

Lakini telefoni yako bado imefungwa, na Fanwell amekimbia, batu walitaka kumupiga. Hakuna mutu wa kuuliza. Utuandikie, Mama, hata mustari moya tu.

Mukwe wako mwenye furaha,
Baba Taonga


Nchelenge, pa bandari, tarehe 24 mwezi wa saba

Mama,

Leo siulizi kama uko muzima. Unisamehe.

Tarehe 20 Kangwa alituma picha ya ukurasa yenyewe, ili batu baamini hesabu. Niliifungua pale pa geti, lori inapiga honi nifungue. Mwandiko ya Fanwell. Kumi na tatu, kumi na ine. Halafu mustari mutupu. Halafu kumi na tano.

Nilisahau, Mama. Mie mwenyewe. Nilisoma majina kwa sauti, nikacheza, na nilikuwa nimesahau.

Nilipiga telefoni kwa mukubwa wa kutafuta. Alisema, "Bwana, tulimaliza jana. Makumi mbili na mbili mu buku, makumi mbili na mbili inje ya mayi." Aliniambia kuko mwanamke moya kati ya waliookolewa, alilia siku mbili kwamba aliona mama wa kitenge chekundu ameshika dumu ya njano. Balimwambia ni woga, buku imetimia. Miaka sita niliwafundisha kuamini buku kuliko mudomo ya mutu. Walijifunza.

Akauliza, "Huyo mutu wako ni nani?" Nikasema, mama mukwe wangu. Akasema, "Nauliza jina. Bila jina sitatuma mutumbwi mu huu upepo." Madereva wote wananiangalia. Nikataja. Nilitaja mara mbili, kwa sauti kubwa, maana mara ya kwanza hakusikia.

Balirudia ku mayi. Siku tatu zilikuwa zimekwisha kupita. Leo ni ya saba. Walipata dumu tu.

Tulifika na basi, wote watatu. Marlène amekaa ku mchanga. Hakunilaumu. Afazali angenilaumu. Taonga ameona ziwa yake, lakini hataki kushuka. Mayi inakuya mupaka pa miguu, anarudi nyuma, anashika nguo ya mama yake.

Niliomba buku. Hakuna mutu aliyenikataza. Nilikunja suruali, nikasimama mu mayi, fasi yangu ya zamani, na batu wote nyuma yangu, vile ulisema. Nimeandika kati ya kumi na ine na kumi na tano, kwa mwandiko yangu muzuri: Clémentine Nkulu.

Nimekosa, mbele ya kila mutu. Kuku iko hapa. Jike, munene, muzima, miguu imefungwa. Mutu moya alitaka kuishika nipumuzike, nikakataa, ulisema kwa mukono yangu mwenyewe. Sitageuza uso.

Mama Clémentine, kuya uikamate.

Mubanga