Mashine za Baba Zimerudi

Gongoni, Tabora

Dada yangu Zamda,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Ujerumani, wewe na shemeji, na kwamba ile baridi uliyoilalamikia imepunguza makali. Sisi hapa nyumbani hatujambo kwa uwezo wa Mungu, isipokuwa goti la mama linamsumbua akiinuka kwenye mswala. Nimeona niandike kwa sababu ukipiga simu baba huwa amekaa karibu, na haya sitaki ayasikie.

Darasa la kompyuta kule Usinge limefungwa. Unakumbuka baba alivyokuwa akiokota kompyuta zilizotupwa maofisini, akizifufua uani, kisha akiziwekea ule mfumo endeshi wa bure mnaoutengeneza wewe na wenzako. Zilizo nzima zaidi alizipeleka shule moja ya Usinge, na kila toleo jipya lilipotoka alipanda basi kwenda kuziwekea mwenyewe. Wanafunzi walimwita Babu Kompyuta. Wewe pia ulijifunzia kwenye mashine kama hizo, umekalia ndoo kwa sababu kiti kilikuwa cha wateja wake wa ufundi.

Mwaka huu mradi wenu ukatangaza kwamba toleo lijalo halitafanya kazi kwenye mashine za zamani za aina ile, na kwamba lililopo halitapata tena marekebisho ya usalama. Mwalimu mkuu akaambiwa na wakubwa wake kuwa mashine zisizolindwa zisikae shuleni. Hakuja mwenyewe. Alituma gari, na dereva akazishusha mlangoni kwetu mvua ikinyesha, akasema ameagizwa asisubiri. Baba alizibeba moja moja hadi ndani, akizifuta kwa kanzu yake.

Baadaye akaja mnunuzi wa vyuma chakavu. Baba alimwomba azichukue bila kuzivunja, huenda akapatikana mtu wa kuzitumia. Yule bwana alicheka, akasema zikiwa nzima zinajaza gari bure. Akatoa nyundo, akazipasua pale pale uani akitafuta shaba, watoto wa jirani wakishangilia kila kioo kilipolia. Baba alisimama mpaka ya mwisho, kisha akamletea maji ya kunawa.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kabla ya kupitisha uamuzi ule, mliwauliza watumiaji maoni yao mtandaoni. Mtu mmoja aliyejiita Shigela aliwaandikia kwa Kiingereza cha kuungaunga, akaomba mwongeze japo miaka miwili, akajitolea kujaribu kila toleo kwenye mashine zake bila malipo. Wewe ndiye uliyemjibu, na jina lako liko pale. Ulisema mradi si wodi ya wanaokata roho, na asiyeweza kununua mashine mpya asiwapotezee muda watu wanaofanya kazi. Wenzako wakaweka vicheko chini yake.

Shigela ni baba.

Aliazima jina la mteja wake kwa sababu hakutaka umpendelee. Kile Kiingereza tulikiunga mimi na yeye, na jibu lako nilimtafsiria mimi. Nilijaribu kulilainisha. Akanitazama, akasema, "Najiat, soma alivyoandika mwanangu." Nikasoma. Akauliza, "Hilo la kukata roho limo, au umelitia wewe?" Nikamwambia limo. Akasema, "Basi ana kazi nyingi," akaniomba nizime.

Nilitaka kukupigia saa ile ile. Alinikataza, akasema nikikwambia nisimwite baba tena. Nimekwambia. Majirani wakimwuliza habari zako, huwaambia binti yake ni mkali kazini, hata wazungu wanamwogopa, kisha hucheka kuliko wao. Sikuandikii ili umwombe msamaha, maana ukimwomba atajua nimesema. Nimekuandikia kwa sababu nimechoka kulijua hili peke yangu, na kwa sababu nataka likuume.

Mama anakusalimu sana, anasisitiza usiache kuvaa soksi. Msalimie shemeji. Baba naye anakusalimu. Ijumaa ukipiga, atakuuliza kama umekula. Mwambie umekula.

Mdogo wako,
Najiat