Kitabu Kinasema Watu Wawili

Kwako Dada,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si rafiki, si mwalimu, wala mto ninaoulalia, na leo nataka kukuambia wewe. Lakini nikilianza hivi hivi bila salamu utasema tangu uondoke adabu yangu nayo ilipanda gari ikakufuata. Basi shikamoo. Hali yako huko kazini wodini? Wagonjwa wanakuacha ulale? Na kile kifua kilichokuwa kikikubana nyakati za baridi, kimepona kweli au unatuficha? Sisi huku wazima. Baba hajambo, mgongo tu unamsumbua kwa kuinamia makochi ya watu kutwa nzima, naye anajibu kwamba afadhali mgongo uume kuliko karakana ikose makochi.

Ninaposema wazima, nina maana ya miili. Nyumba yenyewe ilikuwa mgonjwa. Mama alipotutoka, na wewe kazi ikakuita muda si mrefu baadaye, ni kama sauti zote za humu ndani ulizifungasha kwenye sanduku lako. Baba alikuwa anarudi, anakula, anasema ahsante mwanangu, anaingia chumbani na redio yake. Mimi naosha vyombo nikivigonganisha makusudi ili walau kitu kiseme. Hata simu zako, unajua mwenyewe. Baba anakuambia tuko salama, ananipa simu, maneno yananikwama, nami nakuambia tuko salama. Ukikata tunabaki tunatazamana, kila mtu na usalama wake.

Sasa kuna kitu kimeingia jikoni. Mjomba ametuletea mtambo wa kutengenezea bia nyumbani. Usicheke kwanza. Aliununua kwa ajili yake, mkewe akamwambia achague, ama yeye ama hilo dude, na Mjomba anasema kosa lake lilikuwa kufikiri kwa muda mrefu kabla ya kujibu. Ni kama sufuria ndefu ya chuma kinachong'aa, inanifika kiunoni, ina waya wa umeme, pampu chini, bomba la kupandisha maji juu, na kioo kidogo chenye vitufe mbele. Ndani mna kikapu cha matundu. Kila kitu kinafanyika humo humo: kuloweka kimea cha shayiri, kuchemsha, kupooza. Kwa kuwa umetoka kwa shemeji yake, Baba ameupa jina: Shemeji. Siku hizi ukipita jikoni utasikia Shemeji kapata moto, Shemeji anavuja, mpe Shemeji maji.

Kitabu chake cha maelekezo kimeandikwa kwa lugha ya shule tu. Baba alikigeuza mbele nyuma kama anavyokagua kitambaa cha mteja, akaniwekea mkononi, akasema haya msomi, kazi kwako. Nilitamani sakafu inimeze. Unanijua, hata darasani nikiitwa nasoma kwa kunong'ona mpaka mwalimu anauliza kama nasali. Nikaanza kumtafsiria kwa sauti ile ile, pampu ikawashwa, ikaunguruma, Baba akaweka mkono sikioni akasema Shemeji ananishinda, nipaze sauti, yeye si mjusi wa ukutani. Nikapaza. Dada, sikuwahi kuisikia sauti yangu ikijaza jiko lile.

Ukisikia ni kazi ya vitufe utadhani rahisi. Maji yapate joto lake, kimea kiingie polepole huku unakoroga, kisigande madonge kama ugali uliokosa mkono. Kisha pampu inazungusha yale maji juu chini, juu chini, kwa saa nzima, na nyumba inanuka kama mkate unaokaribia kuiva. Kisha unanyanyua kikapu, kizito kama mtoto aliyelala, unakisuuza kwa maji ya moto. Siku ya kwanza Baba alisahau kuwa kikapu kinageuzwa kidogo ndipo kikae juu ya vishikizo. Kilirudi chini chote, kikamrushia uji kifuani. Alisimama, ndevu zinachuruzika. Nikasubiri anikemee. Akauliza kama kitabu kimesema lolote kuhusu mashati.

Lakini kituko chenyewe kilikuwa mwishoni. Maji yakishachemka na kupoa ndipo hamira inaingia, ianze kuyachachusha. Sasa neno walilotumia kwenye kitabu, shuleni tumefundishwa kuwa maana yake ni kurusha, kutupa. Nikatafsiri kama nilivyofundishwa. Nikamwambia Baba, kitabu kinasema sasa utupe hamira. Baba akatazama ile pakiti ambayo haijafunguliwa, akasema wazungu wana mambo, akaenda akaitupa jalalani. Mimi nilikuwa nimeinamia ukurasa unaofuata, sikuona. Tukayamimina kwenye pipa la kuchachushia, tukalifunika vizuri, tukaanza kusubiri povu.

Povu gani lije? Siku zikapita, pipa limenyamaza kama sisi wenyewe. Baba alikuwa akiamka anaweka sikio. Mwishowe akaniambia nisome tena tangu mwanzo, huenda tumeruka kitu. Nilipofika kwenye hamira nikamuuliza kama alitupa yote. Akasema yote, na pakiti yake. Nikamuuliza aliitupa wapi. Akanyoosha kidole dirishani, kule jalalani. Tulitazamana, Dada. Halafu Baba akacheka. Alianza kwa mabega, kama zamani, mpaka akashika ukingo wa meza, akasema kumbe wenzetu majalalani huko wamelewa sisi tunasubiri povu. Nilikuwa nimeanza kusahau kicheko chake kinafananaje. Tukamwaga yote, tukaanza upya, na safari hiyo ikachachuka vizuri. Usiogope, mimi sionji. Baba ameapa nikionja atanishona mdomo kwa uzi wa kochi. Naruhusiwa yale maji matamu tu kabla ya hamira.

Kila tunapopika tunakaa wawili, yeye kwenye kigoda chake cha karakana upande wa kioo, mimi upande wa pampu, hatutoki mpaka kazi iishe. Na kwa kuwa hatutoki, tunazungumza. Amenisimulia jinsi Mama alivyomletea kiti akishone, akakataa kukichukua mara tatu akidai mshono umepinda, kumbe haukupinda, alitaka tu kurudi. Ulikuwa unajua hilo? Mimi sikujua. Ameniuliza habari za shule. Nimemwambia sina rafiki, kwamba mapumziko nakaa maktaba. Hakuniambia nijitahidi. Alinisikiliza, akasema kwamba na yeye siku hizi chakula cha mchana anakula peke yake, nyuma ya marobota ya sponji.

Sasa nifike pale nilipopakwepa tangu mwanzo. Juzi alikuja Baba Pacha, jirani yetu fundi wa mafriji, akatukuta tumekaa kila mtu na upande wake. Akauliza tunalinda maiti au tunapika. Baba akamweleza kwamba kazi hii haiachwi, inataka watu wawili. Baba Pacha akacheka mpaka akakohoa. Akasema mitambo ya namna hii inajiendesha, unaweka joto, unaweka muda, unakwenda zako, ikikuhitaji inalia. Akasema Jumapili atakuja akisome kitabu mwenyewe, amfundishe Baba, ili msomi apumzike. Baba akamshukuru. Alipotoka, Baba akaniuliza, si kwa ukali, kitabu kinasemaje hasa. Nikasema kinasema watu wawili. Akanitazama kidogo, akasema haya, akarudi kwenye kigoda.

Kitabu hakisemi hivyo, Dada. Hakijasema hivyo popote. Siku ile ya kwanza, Baba alipokwisha kubonyeza vitufe alijifuta mikono, akageuka kwenda kwenye redio yake. Niliona mgongo wake ukienda mlangoni. Mdomo ukanifunguka wenyewe. Nikasoma kwa sauti, macho yapo kwenye ukurasa, kwamba ni lazima watu wawili wakae kando ya mtambo tangu mwanzo mpaka mwisho, mmoja akiangalia joto, mwingine pampu, na wasiachane. Pale paliandikwa habari za kusafisha chujio. Neno la hamira lilinipotea kwa kutojua. Hili nililitunga. Na yeye, na mgongo wake ule, akarudi akakaa, na amekaa hivyo kila mara, kwa sababu ananiamini.

Kesho ni Jumapili. Naogopa asije akalisikia kwa Baba Pacha, akaona nilimfanya mjinga mbele ya jirani. Na naogopa zaidi kwamba akishajua Shemeji anajiendesha, redio itarudi. Nimejaribu kumwambia wakati wa chakula. Niliomba chumvi.

Wasalimie wenzako wa zamu, na yule mama mpangaji wako anayekuamsha kwa kuimba. Tunza kifua chako. Ukipata nafasi uje, hata kwa siku moja, kigoda cha tatu kitapatikana, karakana ina vingi. Ukipiga simu nitajitahidi kusema zaidi ya tuko salama.

Nasikia kandambili zake ukumbini. Barua zangu zote ulizozipata nilikuandikia kwa lugha ya shule, utakuwa ulidhani najizoeza. Nilifanya hivyo ili Baba akizikuta asielewe, na hata hivyo kila akija nilikuwa nazisukuma chini ya daftari la hisabati. Hii nimeiandika kwa lugha anayoisoma mwenyewe, bila mimi. Amesimama mlangoni. Anauliza naandika nini mpaka taa imenipofua. Daftari liko hapa karibu na mkono wangu wa kushoto, nami naliacha hapo hapo. Nikimaliza jina langu nitamgeuzia ukurasa.

Ni mimi mdogo wako,
Mnong'ono