Mama, Mguu Wako Umeota Kwangu

Mama yangu uliyelala Pweto,

Nakuandikia huku mguu wangu wa kulia uko ndani ya beseni la maji ya chumvi. Hukujua kusoma, na hata ungejua, barua hii haina lori la kuifikisha. Barabara ya kaskazini imefungwa tangu Katanga ijitenge, na wewe mwenyewe umekwisha kupita mahali ambapo barua hufika. Lakini Jumatatu daktari anataka jibu langu, kama aupasue mguu huu au auache, na kabla sijamjibu yeye nina neno la kukuambia wewe. Nimelikalia miaka sita, kama mtu aliyekalia sindano akaona haya kuinuka mbele ya wageni.

Unaukumbuka mguu wako? Miye naukumbuka kuliko hata uso wako, na hilo nalo linanitia haya. Ulikuwa mpana, umepasuka kisigino, na pale ubavuni, kidole gumba kinapoanzia, mfupa ulikuwa umetokeza nje mkubwa kama kokwa la embe. Kidole chenyewe kilikuwa kimelala juu ya wenzake. Nilipokuwa mdogo, wewe ukichambua samaki, nilikaa chini mbele yako nikaugonga ule mfupa kwa kidole. "Hodi," nasema. Nawe hukuinua macho kwenye samaki, ulitikisa tu kidole gumba ukajibu, "Karibu, mwenye nyumba eko." Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Kisha nikagonga tena. Sijui uliwezaje kunivumilia, mtoto msumbufu vile.

Halafu nikaenda kwa masista kusoma, na masista wakanivisha viatu. Nilipoolewa na Baba Odile, karani wa reli, nikaja kukaa hapa Lubumbashi, viatu vikawa ndiyo mimi. Vyenye ncha mbele na kisigino juu. Ulipokuja kumwona Odile alipozaliwa, ulikiokota kimoja, ukakigeuza, ukaingiza vidole vitatu, vikakwama. "Hii bilatu inakula muntu," ulisema. Nikakuambia mambo ya mjini huyajui. Nilikuwa nimeanza kufundisha kwenye nyumba ya akina mama pale mtaani: kushona, kupiga pasi, kutandika meza. Na kila juma niliwaambia wanawake wazima, wengine umri wako, kwamba mwanamke aliyeendelea hatembei miguu wazi. Nilisema hivyo nimesimama wima, vidole vyangu vinawaka moto ndani ya ngozi.

Sasa nifike pale.

Mwaka ule Baba Odile aliomba ile kadi ya watu waliohesabiwa kuwa wameendelea. Kuipata ilibidi wazungu waje kutazama nyumba. Wanafungua kabati, wanaangalia shuka, wanauliza kama baba na mama wanakula meza moja, wanaingia mpaka chooni. Watu walikuwa wakiazimana uma na vitambaa vya meza mtaa mzima. Leo viko kwa jirani, kesho viko kwako. Sisi tulijitayarisha majuma matatu. Na siku mbili kabla, bila habari, ukashuka kwenye lori na gunia la samaki wakavu na kuku wawili, miguu imejaa vumbi jekundu. Nilikupokea. Nilikupashia maji. Lakini wewe uliniona nilivyoangalia lile gunia, na mtoto wako unamjua.

Asubuhi ile nilikupa viatu vyangu vya zamani. Ulijaribu. Ulisukuma mpaka jasho likakutoka, ule mfupa ukakataa katakata kuingia. Ukavirudisha mikononi mwangu, ukasema, "Haizuru, mama. Nitakaa kule nyuma." Wewe ndiwe uliyesema. Miaka yote hii nimejifariji kwa hilo, kwamba wewe ndiwe uliyesema kwanza.

Walikuja watatu, wanaume wawili na madame mwenye daftari. Sebule ikapita, chumba kikapita. Madame akatoka uani, nami nyuma yake, akakukuta umechutama karibu na mlango wa jiko, miguu wazi, unachambua samaki. Akaniuliza kwa Kifaransa, huyu ni nani. Nami nikajibu haraka, kwa Kifaransa kizuri cha masista, kwamba ni mwanamke anayetufulia nguo.

Baba Odile alikuwa mlangoni. Akatazama chini.

Ningeweza kujidanganya kwamba hukuelewa, Kifaransa hukujua. Lakini yule madame alikuwa mtu mwema, ndilo lililoniua. Akataka kukusemesha. Akainama akakuambia kwa Kiswahili chake, "Wewe mama, iko nasafisha nguo muzuri?" Ukaniangalia. Si kwa hasira. Uliniangalia kama mtu anayeulizwa njia na mgeni, akafikiri kwanza amwelekeze wapi. Kisha ukamjibu: "Ndiyo, madame. Nafulaka."

Ukainuka, ukachukua beseni, ukaweka ndani nguo za Odile ambazo hazikuwa hata chafu, ukaanza kuzifua. Ulifua muda wote waliokuwa ndani wakinywa kahawa kwenye vikombe vya kuazima. Nilikuwa nasikia maji. Walipokwenda nilitoka uani, nguo zote ziko kwenye kamba, nawe umerudi kwenye samaki wako. Ningesema nini, na kwa mdomo gani.

Kadi ilitoka. Siku ya kuondoka ulifunga kanga yako, ukauliza, "Ile kadi, balibapatia?" Nikasema balitupatia. "Basi, ni muzuri." Ukapanda lori la kwenda Pweto. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kinywani mwako, kwa sababu hukuja tena, nami kila mwaka nikawa na kisingizio kipya cha kutokwenda.

Kisha Uhuru, kisha Katanga kujitenga, kisha bendera mpya na kila mtu kumwogopa mwenzake. Kadi ile haikuwa na kazi tena. Odile aliichorea kuku nyuma yake. Habari ya kifo chako ililetwa na mama mmoja mwuza samaki aliyepita njia za panya, upande wa Mokambo mpakani, kwa sababu huko kwenu kulikuwa na vita. Tayari ulikuwa umezikwa miezi miwili. Tulifanya kilio hapa nyumbani bila kaburi. Wanawake wa darasani kwangu walikuja wakalala chini nami siku tatu, wakiniuliza mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Niliwaambia alikuwa mfanyabiashara. Sikuwaambia alitembea miguu wazi.

Na ndiyo miaka hiyo mfupa ukaanza kunitoka. Mwanzo nilidhani ni malengelenge. Kisha kidole gumba kikageuka kuwaelekea wenzake, ubavu ukavimba, ukawa mwekundu, na mguu wa kushoto ukafuata. Nilificha. Nilitia pamba, nilikata ngozi ya kiatu kwa wembe nikaishona tena. Karibu na Noeli mwaka jana, risasi zilipofika mtaani kwetu na watu wakakimbia kuelekea porini, niliondoka na Odile mgongoni na viatu miguuni, maana sikuwa na vingine. Nilipofika kwenye reli nilianguka. Nikavivua nikavitupa, nikakimbia miguu wazi kama ulivyonizaa. Nilishangaa nilivyokimbia. Tuliporudi nilinunua vingine vya namna ile ile. Ndivyo nilivyo mpumbavu, mama.

Sasa siwezi tena kusimama darasani. Mwezi uliopita nilikwenda hospitali. Daktari, mzungu mtaratibu mwenye miwani, aliushika mguu wangu kwa mikono miwili. Akasema kwao ugonjwa huu wanauita kitunguu. Odile alicheka nilipomsimulia, anauita hivyo mpaka leo. Akanieleza bila kunificha. Atapasua ubavuni, akate mfupa uliozidi, akinyooshe kidole. Mguu mmoja kwanza, wa pili tutauona mwakani. Siku za mwanzo kitandani, mguu juu ya mto. Nyuzi kutolewa baada ya majuma mawili. Kisha mwezi na zaidi kukanyagia kisigino tu, na fimbo, unyayo umefungwa kitambaa, hakuna kiatu. Uvimbe unaweza kukaa nusu mwaka. Kidole kinaweza kubaki kigumu. Na wengine, akasema, mfupa hurudi, hasa wakirudia viatu vyao.

Kisha akachukua kalamu akaniuliza, "Mama yako alikuwa na miguu ya namna hii?"

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa amekaa pale kwenye benchi na mtoto wake mwenye homa. Nikasema, "Hapana, docteur. Mama yangu alivaa viatu vizuri siku zote."

Akaandika "non". Nililiona lile neno likikauka kwenye karatasi. Nilikukana mara ya pili, mama, na safari hii hakukuwa na kadi ya kupata. Nilitoka pale nikikokota mguu wako, nikisema si wako.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Baba Odile anadhani naogopa kisu. Naogopa, ndiyo. Naogopa pia kwamba vita vitarudi miye nimefungwa mguu. Nitakimbiaje juu ya kisigino kimoja? Yeye anasema ataniweka kwenye baiskeli. Tena naogopa mwezi mzima wa kutoka uani na unyayo ulio wazi, majirani wanaona. Na nani atanitekea maji, anipikie, aninyooshee mto? Odile alipozaliwa ulikaa miezi miwili ukinikanda, hukuniacha hata nichote kikombe. Kila nikifikiri ni nani wa kumwita, jina linalonijia ni lako.

Naiacha kalamu. Maji yamepoa.

*

Ni Jumatatu, saa kumi za jioni. Nimerudi kutoka hospitali.

Nilikwenda na ndala za Baba Odile, pana, zinapiga kelele njia nzima. Kwenye benchi walikaa wanawake sita hivi, wawili wananifahamu. Daktari akaniuliza, basi, tunakata? Nikamwambia kwanza nimtengenezee karatasi yake. Nikasema, na sikupunguza sauti, nilisema Kiswahili ili wa kwenye benchi wasikie: "Siku ile nilikudanganya, docteur. Mama yangu alikuwa na huu mguu, huu wenyewe. Hakuvaa viatu maisha yake yote. Nilikuwa naona haya juu yake."

Wale wawili wanaonifahamu wakageuza vichwa. Daktari hakushtuka hata kidogo. Akatafuta karatasi, akapiga mstari, akaandika "oui" juu yake. Kwake lilikuwa neno moja tu. Kisha, bado ameinama, akaniuliza swali lililofuata kwenye kazi yake: "Na yeye, ulikuwa unamuuma?"

Nimekaa mbele ya mguu ule utoto wangu wote, nimeugonga, nimeuchezea, nimeupashia maji, nimeuficha nyuma ya nyumba. Nilikulazimisha uusukume ndani ya kiatu changu mpaka jasho likakutoka. Na sikukuuliza hata siku moja. Daktari alingoja kidogo, akaacha nafasi ile wazi.

Nimekubali. Juma lijalo watapasua wa kulia, maana kazi siwezi tena kuifanya, na mtoto halishwi na haya zangu. Wa kushoto nimemwambia auache. Akasema mwakani nitabadili mawazo. Sitabadili. Vile viatu vyenye ncha nimempa Odile achezee, wanasesere wake wanalala ndani. Darasani nitarudi na ndala na nitawaambia wale akina mama kwa nini, ingawa sijui nitaanzia wapi.

Odile yuko hapa chini sasa hivi, ananifungua kitambaa nilichofungia miguu. Nimemfundisha ule mchezo wetu. Anagonga mfupa wa kushoto, nami natikisa kidole, kinakwenda kwa shida, kinaniuma mpaka machozi. Anacheka, anagonga tena, nami namjibu karibu, mwenye nyumba eko. Ameniangalia usoni akaacha. Akaniuliza, "Mama, inakuuma?"

Ana miaka minane, na imemchukua kugonga mara tatu tu kuniuliza.

Mama, ulikuwa unaumwa?

Pumzika huko uliko. Nguo zote ulizifua, hakuna iliyobaki.

Ni miye,
mtoto wa yule mama aliyekutwa uani anachambua samaki